Uyoga na Matumbawe: Sarufi Yetu na Mafungu ya Viumbe

Kiswahili kina namna yake ya kuwagawanya viumbe, nayo ni ya kale kuliko shule zetu. Twasema "kiboko amelala", wala hatusemi "kiboko kimelala", ijapokuwa jina lenyewe laanza na ki-. Kadhalika "kipepeo ameruka". Chenye pumzi na mwendo hupewa a- na wa-, jina lake liwe la ngeli yo yote. Mti, uyoga na matumbawe havimo. Kipimo ni kile kionekanacho kwa macho.

Wataalamu nao walianzia hapo. Linnaeus wa Uswidi, katika kitabu chake cha mwaka 1735, alimweka nyangumi pamoja na samaki. Ndipo katika toleo la mwaka 1758 akamhamishia kwa wanyama wanyonyeshao.

Baadaye hadubini ilileta kipimo kingine, yaani seli, vile vijumba vidogo mno vinavyoujenga mwili. Seli ya mnyama ina kiini, lakini haina ukuta mgumu. Seli ya mmea ina kiini na ukuta wa selulosi, na katika majani mna chembe za kijani zitengenezazo chakula kwa mwanga wa jua. Bakteria ni seli moja isiyo na kiini kilichozungukwa na utando.

Je, uyoga? Huota ardhini, nasi twauhesabu pamoja na mboga. Lakini hauna chembe za kijani, na ukuta wa seli zake una khitini, kitu kilekile kilichomo katika gamba la mende na la kamba wa baharini. Mwaka 1969 Whittaker wa Marekani aliwapa uyoga na kuvu milki yao wenyewe, mbali na mimea. Na uchunguzi uliofuata umeonyesha kuwa jamaa zao wa karibu ni wanyama.

Nalipokuwa nikifundisha habari hizi, nikasema kwamba matumbawe ni wanyama, mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Basi, Mwalimu, tuseme yamevunjika au wamevunjika?" Nalinyamaza kitambo. Watu wa pwani huyajua matumbawe kuwa ni jiwe: hukatwa, huchomwa yakawa chokaa, na nyumba za kale za Lamu na Unguja zimejengwa nayo. Lakini jiwe hilo ni kazi ya wanyama wadogo laini, wenye kinywa kilichozungukwa na mikono. Seli zao hazina ukuta, ila ndani yake hukaa mwani mdogo mno uwapao sehemu kubwa ya chakula chao.

Nalimjibu kwamba jiwe yafaa liendelee na ya-, bali mnyama apewe wa-, wala tusiisumbue sarufi ya wazee wetu. Tena tofauti hiyo si ya maneno matupu. Mwaka 1998, Bahari ya Hindi ilipopata joto kupita kiasi, wanyama hao waliwapoteza wageni wao hao, wakageuka weupe, na wengi wakafa. Mawe yalibaki palepale. Mvuvi aliyetazama chini akasema "matumbawe yapo", alisema habari za jiwe tu.