SOKO LA STIKA ZA TRENI NDOGO: FAIDA IPO KWENYE KIPIMO, SI KWENYE MASHINE

Mfanyabiashara mwenye mashine ya kukatia stika anaweza kutengeneza herufi na namba za kubandika kwenye kichwa cha treni cha mfano kwa gharama ndogo mno ya malighafi. Hata hivyo, si kila treni inafaa kubandikwa, na si kila seti inayokatwa hurudisha mtaji. Kinachoamua ni kipimo cha treni yenyewe. Anayeijua hesabu hiyo atauza. Asiyeijua atabaki na mashine mezani na wateja wanaodai fedha zao.

Treni zinazozungumziwa hapa si vitu vya kuchezea watoto. Ni nakala ndogo za treni za kweli, ambazo watu wazima wa Uingereza, Ujerumani na Marekani hununua, hutengeneza na kuendesha kwenye reli walizojenga ndani ya nyumba au bustanini. Kichwa kimoja cha treni ya bustanini hufikia bei ya mamia ya pauni, na vile vinavyotumia mvuke wa kweli hufikia maelfu. Mnunuzi wa namna hiyo hutaka namba, jina la shirika la reli na mistari ya rangi vifanane na vya treni halisi. Kiwanda humpa shirika moja na namba moja. Akitaka nyingine, hana budi kumtafuta mtu wa kumtengenezea, na hapo ndipo soko la stika linapoanzia.

VINILI NA MSHINDANI WAKE

Vinili ni utando wa plastiki ya PVC wenye gundi upande wa nyuma, uleule unaotumika kwa stika za magari na mabango ya maduka. Mashine hufuata mchoro kutoka kwenye kompyuta, na kisu chake kidogo hukata utando bila kutoboa karatasi iliyo chini. Mashine hizo ziliingia katika kazi ya mabango mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya Gerber ya Connecticut, Marekani, ikiwa mstari wa mbele. Katika miaka ya 2000 zikaja mashine ndogo za mezani kama za Cricut, na baadaye Silhouette. Kazi iliyokuwa ya karakana ikahamia sebuleni.

Mshindani mkubwa wa vinili ni nembo za kulowesha, yaani picha iliyochapwa juu ya utando mwembamba sana, ambayo hulowekwa majini kisha hutelezeshwa juu ya treni. Nembo hizo hushinda kwa wembamba na kwa wingi wa rangi. Lakini zina udhaifu mmoja: printa ya kawaida ya nyumbani au ofisini haichapi rangi nyeupe. Printa za Alps, zilizopendwa na watengenezaji wa nembo kwa sababu ziliweza kuchapa nyeupe, hazitengenezwi tena. Wakati huohuo, treni nyingi zina herufi nyeupe au za manjano juu ya rangi nyeusi, kijani au nyekundu iliyoiva. Vinili nyeupe ni nyeupe yenyewe na huficha rangi iliyo chini yake. Huo ndio mlango wa biashara.

HESABU YA KIPIMO

Treni za mfano hutengenezwa kwa vipimo maalumu. HO, inayoongoza Ulaya bara na Marekani, ni 1 kwa 87, yaani kila sentimita 87 za treni halisi hufanywa sentimita 1. OO ya Uingereza ni 1 kwa 76, na O ya nchi hiyo ni 1 kwa 43.5. Nyingi za bustanini ni kati ya 1 kwa 32 na 1 kwa 22.5.

Vinili ya kawaida pamoja na gundi yake ina unene wa karibu mikroni 80, chini kidogo ya sehemu ya kumi ya milimita. Ukiishika mkononi, huuhisi unene huo. Lakini kwenye treni ya HO, unene huo ni sawa na bamba la milimita 7 lililopachikwa ubavuni mwa treni halisi. Jicho la mnunuzi huziona kingo za herufi mara moja.

Jambo la pili ni kimo cha herufi. Namba za ubavuni katika vichwa vingi vya mvuke vya British Railways zilikuwa na kimo cha inchi 8, yaani milimita 203. Mashine ndogo ya mezani huanza kupata shida pale kimo kinaposhuka chini ya milimita 3 hivi: vipande vya katikati ya 6, 8 na 9 hung'oka pamoja na kisu. Mambo hayo mawili yakipangwa pamoja, picha ya soko huonekana wazi:

HO (1 kwa 87): unene sawa na mm 7.0, namba ya inchi 8 huwa mm 2.3.
OO (1 kwa 76): unene mm 6.1, namba mm 2.7.
O (1 kwa 43.5): unene mm 3.5, namba mm 4.7.
Bustani (1 kwa 32): unene mm 2.6, namba mm 6.4.
Bustani (1 kwa 22.5): unene mm 1.8, namba mm 9.0.

Kwa hiyo HO na OO si soko la stika ya kubandika. O iko mpakani, nayo huhitaji mkono mzuri. Treni za bustanini ndizo soko lenyewe, kwani herufi hukatika bila taabu, na unene wake hupotea machoni baada ya kupakwa vanishi.

Kipimo cha 1 kwa 22.5 kinawahusu pia wasomaji wa Afrika Mashariki. Kilienezwa na treni za LGB za Nürnberg, Ujerumani, zilizoanza kuuzwa mwaka 1968, na reli zake zina upana wa milimita 45. Ukizidisha 45 kwa 22.5 unapata mita moja na ushei. Huo ndio upana wa reli ya zamani ya Mombasa hadi Kampala, na wa Reli ya Kati ya zamani iliyoanzia Dar es Salaam. Anayetaka mfano wa Garratt za daraja la 59 za East African Railways, zilizotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima, anaweza kutumia reli hiyo bila kupotosha kipimo. Mojawapo, namba 5918 Mount Gelai, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Mkata stika wa Nairobi anaweza kuiona kwa macho yake. Mwenzake wa London hutegemea picha.

GHARAMA IKO WAPI

Wengi hukosea kwa kupanga bei kwa mita ya mraba kama wafanyavyo kwa stika za magari. Tuseme seti moja ya treni ya bustanini inachukua sentimita 10 kwa 15. Mita moja ya mraba ya vinili itatoa seti 66. Malighafi ya seti moja, basi, ni kitu kidogo sana. Lakini baada ya kukata, mabaki yote huondolewa kwa kibanio, herufi moja baada ya nyingine, kisha karatasi ya kuhamishia hubandikwa juu. Ikiwa kazi hiyo inachukua dakika 12 kwa seti, seti 66 zitakula saa 13 za kazi. Anayeuza kwa bei ya vinili atakuwa amezitoa saa hizo bure.

Gharama nyingine ni mchoro. Kuchora herufi za shirika fulani kwa kufuata picha na vipimo vya treni halisi huweza kuchukua siku nzima au zaidi. Lakini mchoro huchorwa mara moja na kuuzwa mara nyingi, na kubadili namba kwa ajili ya mteja mwingine ni kazi ya dakika chache. Mtaji wa kweli wa biashara hii, basi, ni michoro sahihi. Mabunda ya vinili yanaweza kununuliwa na yeyote. Michoro sahihi ndiyo inayomrudisha mteja.

STIKA ISIYOBAKI

Ipo njia ya kuwauzia hata wenye treni za HO na OO. Badala ya kubandika herufi, fundi hukata kiolezo kwa vinili yenye gundi hafifu. Kiolezo hubandikwa, rangi hupulizwa juu yake, kisha huondolewa. Kinachobaki kwenye treni ni rangi tupu, hivyo hakuna tena suala la unene. Wengi hupuliza kwanza ile rangi nyepesi ya herufi, hubandika herufi za kiolezo juu yake, na kupuliza rangi nzito ya mwili. Herufi zikibanduliwa, rangi nyepesi hutokeza. Njia hii hufaa zaidi kwa mistari mipana na mabaka makubwa ya rangi. Kwa herufi ndogo kabisa, nembo za kulowesha bado zina nafasi yao.

KAZI INAYODUMU

Vinili ziko aina mbili. Ya bei nafuu husukumwa kati ya rola za moto. Kwa kuwa imevutwa wakati wa kutengenezwa, baada ya muda hutaka kurudi na kusinyaa kidogo, na kingo zake huacha mstari wa gundi unaoshika vumbi. Ya pili humiminwa ikiwa majimaji na kukaushwa, hivyo haina mvutano ndani yake. Ni ghali zaidi, lakini ni nyembamba zaidi na hulala vizuri juu ya misumari ya ribiti. Kwa treni inayokaa juani bustanini, bei ya juu hujilipa, hasa kwa kuwa malighafi ni sehemu ndogo ya gharama.

Kabla ya kubandika, uso wa treni husafishwa mafuta yote na rangi mpya huachwa ikauke kabisa. Tone la sabuni katika maji, likipulizwa kidogo, humpa fundi nafasi ya kusogeza herufi kabla haijashika. Vanishi hufuata, baada ya kujaribiwa kwanza kwenye kipande cha pembeni.

Treni za mvuke wa kweli zinahitaji hadhari. Maji yanayochemka kwa shinikizo la pauni 40 kwa inchi ya mraba hufikia nyuzi 140 za Selsiasi, ilhali vinili ya kawaida haipendi kuzidi nyuzi 80. Stika ya kubandika juu ya bwela la treni hiyo italegea na kujikunja. Mahali pake ni kwenye tenda na ubavuni mwa chumba cha dereva, tena mbali na moto. Muuzaji asiyemwambia mteja hayo hujitafutia lawama.

ALAMA ZA WENYEWE

Herufi na nembo za mashirika ya reli yaliyo hai ni mali ya wenyewe. Mwaka 2004 Union Pacific ya Marekani iliwashtaki watengenezaji wa treni za mfano Athearn na Lionel kwa kutumia alama zake bila leseni. Mvutano wake na mtengenezaji mwingine, M.T.H., ulimalizika kwa suluhu mwaka 2006, na shirika hilo likaacha kudai mrabaha kwa treni za mfano. Funzo ni kwamba hata biashara ndogo ya nakala iliwahi kufikishwa mahakamani. Anayetaka kuuza seti kwa wingi na aombe ruhusa kwa maandishi kwanza.

MWELEKEO

Soko hili si kubwa, wala halina dhamana. Kampuni iliyotengeneza LGB ilifilisika mwaka 2006, na Märklin, iliyoichukua mwaka 2007, nayo iliomba kinga ya muflisi mwaka 2009. Kampuni hizo zilibeba viwanda, kalibu na mishahara. Mkata stika hubeba mashine moja ambayo siku nyingine hukata stika za magari na mabango, na bidhaa yake huingia ndani ya bahasha.

Kwa mwekezaji mdogo ushauri ni huu. Asinunue mashine kwa ajili ya treni pekee. Aliye nayo tayari aanze na kipimo kimoja cha bustanini na shirika moja analoweza kulipima vizuri. Atumie vinili ya kumiminwa, na ahesabu saa zake kabla ya kutaja bei. Michoro mitano iliyo sahihi itampa wateja wa kudumu. Michoro hamsini ya kubahatisha itamrudishia barua za malalamiko.