Iodidi za Metali za Mpito na Upimaji wa Madini Joto katika Chumvi: Mfano wa Mkiwa, Singida

Mkiwa ni njia panda mkoani Singida, ambapo barabara ya Itigi na Rungwa huachana na barabara kuu ya Dodoma–Singida. Eneo hili liko mbali na bahari, hivyo chumvi ya baharini husafiri mamia ya kilomita kabla ya kumfikia mlaji. Chumvi hutiwa madini joto, yaani iodini, ili kuzuia rovu na kulinda ukuaji wa ubongo wa mtoto tumboni. Makala haya yanaeleza jinsi chuma na shaba zinavyoathiri iodini hiyo, ndani ya gunia na ndani ya maabara.

Ioni ya iodidi hupoteza elektroni kwa urahisi. Ikikutana na metali ya mpito yenye chaji kubwa, metali huipokea elektroni hiyo na iodini huru hutokea:

2Fe³⁺ + 2I⁻ → 2Fe²⁺ + I₂
2Cu²⁺ + 4I⁻ → 2CuI + I₂

Ndiyo sababu iodidi ya shaba iliyo thabiti ni ile ya shaba yenye chaji moja, CuI, ambayo ni mango jeupe. Iodini huru hugeuka mvuke na kupotea. Katika chumvi yenye unyevu na uchafu wa metali, iodidi ya potasiamu haidumu. Kwa hiyo iodati ya potasiamu, KIO₃, hupendelewa katika nchi za joto.

Hata hivyo, mmenyuko huohuo hurudi maabarani. Ili kupima iodati, mtafiti huongeza asidi na iodidi ya ziada:

IO₃⁻ + 5I⁻ + 6H⁺ → 3I₂ + 3H₂O

Iodini inayotokea hupimwa kwa thiosulfati ya sodiamu. Sampuli ikiwa na kutu au udongo mwekundu, asidi huyeyusha sehemu ya chuma, na chuma hicho nacho huzalisha iodini. Matokeo huwa makubwa kuliko ukweli, na chumvi hafifu huonekana bora.

Inapendekezwa, basi, kwamba mtafiti aeleze usafi wa sampuli na atumie asidi ya fosforasi, ambayo hufunga ioni za chuma zisishambulie iodidi. Bila tahadhari hiyo, kosa la maabarani humfikia mama mjamzito ambaye chumvi yake imehesabiwa kuwa salama.