Polio ya Rukwa: Je, ni chanjo iliyoileta?

Wiki iliyopita bibi mmoja aliingia chumbani kwangu hapa Namanyere, mjukuu mgongoni na simu ya mwanawe mkononi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanipa simu. "Hebu soma, dokta. Wenyewe wameandika."

Ilikuwa habari ya mwaka 2023 iliyozungushwa upya: polio imepatikana Rukwa, na kirusi chake kimetokana na chanjo. Chini yake mtu alikuwa ameongeza ya kwake, kwamba matone hubadili vinasaba vya mtoto. Mjukuu ana miezi minne, na kadi yake ya kliniki ina matone ya kuzaliwa tu.

Ndugu msomaji, ningependa kukwambia kwamba yote yale ni uongo. Lakini habari yenyewe ni ya kweli, na nadhani sisi wahudumu tuliisema nusunusu, kwa haraka, foleni ikiwa ndefu nje. Basi leo tuimalize.

Matone ya polio yana kirusi hai kilichodhoofishwa. Mtoto akimeza, kirusi hukaa kwenye utumbo kwa wiki kadhaa, mwili ukajifunza kupambana nacho, kisha kikatoka na choo. Mahali ambapo karibu watoto wote wamechanjwa, safari yake huishia hapo. Pale ambapo wengi hawajachanjwa na vyoo ni vya shida, kirusi hicho dhaifu hupita kwa mtoto wa pili, wa tatu, wa mia. Kila kinapojizalisha hukosea herufi moja moja za vinasaba vyake, kama mtu anayenakili barua ndefu kwa mkono. Kirusi cha polio kina herufi kama 7,500. Kikizunguka miezi mingi, makosa hujilimbikiza, na kinaweza kurudiwa na nguvu ya kupoozesha.

Angalia basi ni vinasaba vya nani vinavyobadilika. Ni vya kirusi. Vya mwanao vimehifadhiwa ndani ya kiini cha seli, na kirusi cha polio hujizalisha nje ya kiini hicho. Hakina uwezo wa kujipachika humo. Maabara nayo hukitambua kwa kusoma herufi hizo. Kwa polio ya aina ya 2, tofauti 6 au zaidi katika kipande cha herufi kama 900 huonyesha kwamba kirusi kimetoka mbali na chanjo kilikoanzia.

Wengi mliniuliza kwa nini Septemba 2023, katika mikoa ya Rukwa, Katavi, Kigoma, Kagera, Mbeya na Songwe, walichanjwa watoto wa chini ya miaka 8, wakati tumezoea chini ya 5. Sababu iko mwaka 2016. Polio ya asili ya aina ya 2 ilikuwa imetangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2015, kwa hiyo Aprili iliyofuata aina hiyo iliondolewa kwenye matone, ili kukwepa hatari hii hii ninayoieleza. Watoto waliozaliwa baada ya hapo hawakupata kinga yake ya utumbo. Sindano ya polio, tuliyoianza mwaka 2018, humkinga mtoto asipooze, lakini haizuii sana kirusi kupita tumboni. Burundi walitangaza polio ya aina ya 2 Machi 2023, na Congo walikuwa wakipambana nayo kwa miaka. Sisi wenye maboti yanayotia nanga Kirando na Kabwe tungekwepaje? Matone ya kampeni ile yalitengenezwa upya ili kirusi chake kisibadilike kirahisi. Sikwambii kwamba hakiwezi kabisa. Ndiyo maana tunataka kila mtoto afikiwe, kisipate pa kupita.

Kuna jingine ninalolisikia zaidi vijijini: mguu ulionyauka ni wa ukoo. Polio hairithiwi. Ndugu wawili wakiipata, ni kwa sababu wanatumia choo kimoja na maji yale yale. Imani hii inaniudhi kuliko ile ya simu, maana humfanya mzazi akae nyumbani akisubiri. Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea mguu au mkono ghafla, mlete siku hiyo hiyo. Tutaomba choo chake mara mbili, kwa kupishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu alegee. Usione tunakudhalilisha; baada ya siku hizo kirusi huwa kigumu kupatikana.

Mjukuu wa bibi alipata matone, na sindano pajani kwa kuwa wiki 14 zimeshapita. Atarudi baada ya wiki 4. Bibi aliniomba nimwandikie mwanawe jibu kwenye simu ile ile, alipeleke alikoitoa habari. Halikuenea kwenye simu, ndiyo nimeliandika hapa.