Matengenezo ya Kanisa na Siasa za Leo (Sehemu ya Pili): Mtawala Anapokuwa Dhalimu

Katika sehemu ya kwanza tulimwacha Martin Luther mjini Worms, mwaka 1521, akikataa mbele ya Kaisari Charles wa Tano kuyakana maandishi yake kwa sababu dhamiri yake ilifungwa na Neno la Mungu. Leo tunauliza: dhamiri ikigongana na dola, raia afanye nini?

Luther alijibu mwaka 1523 katika kitabu chake kuhusu mamlaka ya kidunia. Mtawala, alisema, ana amri juu ya mwili na mali, si juu ya imani. Akivuka mpaka huo asitiiwe, ila asipigwe vita. Wakulima wa Ujerumani walipoasi, Luther aliwahimiza wakuu wawakandamize bila huruma, na maelfu waliuawa mwaka 1525.

Jean Calvin, mwanamatengenezo wa Geneva, alikwenda mbele kidogo. Katika kitabu chake kikuu, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1536, naye aliwakataza raia wa kawaida kuasi. Lakini aliongeza kwamba viongozi waliowekwa kisheria kuwalinda wananchi wana wajibu wa kumzuia mfalme dhalimu. Wakinyamaza, wanausaliti uhuru wa watu.

Agosti 1572 Waprotestanti wa Ufaransa walichinjwa kwa maelfu, na fundisho hilo likawa suala la kufa na kupona. Mwaka 1574 Théodore de Bèze, mrithi wa Calvin mjini Geneva, aliandika kuwa watawala wapo kwa ajili ya watu, si watu kwa ajili ya watawala. Mwaka 1581 majimbo ya Uholanzi yalimkana mfalme wao, Philip wa Pili wa Hispania, kwa hoja hiyo hiyo. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, mzaliwa wa familia ya Kipuritani, aliisimamisha mwaka 1689 juu ya haki za asili za kila binadamu: serikali ni amana, na ikikhini, watu huitwaa tena.

Hata hivyo, Geneva hiyo hiyo ilimchoma moto Michael Servetus mwaka 1553 kwa kuukana Utatu, na Calvin aliunga mkono kuuawa kwake. Mwanateolojia Sebastian Castellio alilipinga jambo hilo, na haki ilikuwa upande wake. Anayetaka dola iiheshimu dhamiri yake hana budi kuitetea pia dhamiri ya asiyekubaliana naye.

Katika sehemu ijayo tutamtazama mwanafalsafa Immanuel Kant.