Mashine ya Kutafutia Samaki: Jinsi ya Kuifunga Katika Mashua ya Aluminiamu

Mji wa Kitale hauna ziwa, wala Bungoma haina. Lakini barabara ya kwenda Lodwar na Ziwa Turkana yapita Kitale, na maji ya mto Nzoia, yapitayo Trans Nzoia na Bungoma, huishia Ziwa Victoria huko Budalang'i. Basi mtu wa sehemu hizi akinunua mashua ndogo ya aluminiamu, ambayo ni nyepesi na yaweza kuchukuliwa kwa gari, ana maziwa mawili ya kuchagua. Akitaka kuitia mashine ya kutafutia samaki, yampasa kujua mambo fulani kabla ya kushika kekee, maana tundu moja lililotobolewa vibaya laweza kumharibia mashua ya fedha nyingi.

Mashine hii haioni samaki, bali husikia. Nyuma ya mashua, ndani ya maji, hufungwa kichwa kidogo ambacho mafundi hukiita transdusa. Kichwa hicho hutoa mlio ambao sikio la mtu haliwezi kuusikia. Mlio huteremka upesi sana, yapata mita 1,500 kwa sekunde moja, hugonga chini ya ziwa, kisha hurudi kama mwangwi wa mtu aliyepiga ukelele mbele ya jabali. Mashine hupima muda uliopita na kuonyesha kina cha maji. Samaki naye hurudisha mwangwi wake. Mbuta huonekana vizuri kwa sababu ana kibofu cha hewa ndani ya mwili, na hewa hurudisha mlio kwa nguvu kuliko nyama.

Hapo ndipo ilipo shida yote ya kazi hii. Hewa iliyomo ndani ya samaki ni rafiki yako, lakini mapovu yanayopita chini ya mashua ni adui, kwa kuwa nayo hurudisha mlio, na mashine itakuonyesha samaki wasiokuwako au isionyeshe chochote. Mashua za aluminiamu huwa na safu za ribiti na mikunjo chini yake, na kila kimoja huzusha mapovu mashua ikienda mbio. Kwa hiyo tafuta nyuma ya mashua mahali ambapo mbele yake pako laini. Kaa mbali na rafadha ya injini, yapata sentimita 40. Ikiwa rafadha yazunguka kwa kulia, kama zilivyo nyingi, upande wa kulia ndio bora. Uso wa kichwa uwe chini ya tako la mashua kwa kiasi cha milimita 10, nao ulale sawasawa na maji. Wengine hubandika kichwa ndani ya mashua ili wasitoboe kitu. Jambo hilo huwezekana katika mashua za fibaglasi, lakini kwa aluminiamu kwa kawaida halifai.

Sasa habari ya madini yenyewe. Aluminiamu ikigusana na shaba ndani ya maji, umeme mdogo hupita kati yao na aluminiamu huliwa. Maji ya Ziwa Turkana ni ya magadi na yana chumvi kidogo, nayo huila upesi kuliko maji ya Ziwa Victoria. Kwa hiyo usitumie kamwe kichwa cha shaba wala rangi yenye shaba. Wala usitumie kipande cha nguzo ya ua iliyotiwa dawa ya kijani, ingawa chapatikana kwa urahisi. Dawa hiyo mara nyingi ina shaba. Tumia ubao wa plastiki ngumu. Ufunge ubao huo nyuma ya mashua kwa bolti za chuma kisichoshika kutu, matundu yake yawe juu ya mstari wa maji, na kila tundu lijazwe gundi ya kuzibia ya mashua. Kisha kichwa hufungwa juu ya ubao kwa skrubu fupi zisizofika kwenye aluminiamu. Siku utakapotaka kukisogeza, utatoboa plastiki tu.

Waya wa kichwa usikatwe hata ukiwa mrefu. Uzungushe na kuufunga mahali pakavu, mbali na nyaya za injini. Mashine ipate umeme wake moja kwa moja kutoka betri, kwa waya wenye fyuzi.

Kabla ya kutoboa chochote, shikiza ubao kwa vibano na ujaribu mashua katika bwawa la karibu, kwanza polepole, kisha kwa kasi. Ikiwa mashine yapoteza kina mara tu kasi inapozidi, sogeza ubao sentimita chache ujaribu tena. Mwenye haraka ya kutoboa hutoboa mara mbili.

Baada ya mwezi mmoja ziwani, tazama kandokando ya bolti. Ukiona unga mweupe, ujue aluminiamu imeanza kuliwa. Fungua bolti, safisha, utie gundi mpya.