Mkate wa nyama wa moshi: uza siku hiyo hiyo, usivuke nao mpaka

ISINGIRO. Mfanyabiashara wa samaki wa moshi hana haraka sana njiani, kwa kuwa mzigo wake ni mkavu. Anayetaka kuuza mkate wa nyama uliookwa kwa moshi asijipe matumaini hayo.

Wateja wapo. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958, yana Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali. Mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa tangu 2020, na familia nyingi hutegemea biashara ndogo. Nyama ngumu isiyofaa kwa muchomo husagwa, hukandwa na kitunguu, yai, chumvi na chenga za mkate, kisha huuzwa kwa vipande kulingana na mfuko wa mteja. Kwa wateja Waislamu, nyama iwe halali.

Jiko dogo la mkaa lenye wavu linatosha. Sogeza makaa upande mmoja, weka kopo la maji upande wa pili, na nyama juu ya kopo hilo, mbali na moto. Tupia makaani vipande viwili vya mti mkavu wa mpera au mwembe. Epuka msonobari na mbao zenye rangi, kwani moshi wake ni mchungu na una madhara. Funika, acha tundu dogo la hewa, ongeza mkaa kidogo kidogo. Mkate wa kilo moja huchukua muda wa saa mbili hadi tatu.

Rangi isikudanganye. Kusaga huchanganya vijidudu vya juu ya nyama hadi ndani, hivyo katikati lazima pafike nyuzijoto 71. Kipimajoto cha jikoni ni mtaji, si anasa.

Kosa kubwa huanza baada ya kuiva. Samaki wa moshi hudumu kwa sababu amekaushwa sana. Mkate wa nyama hubaki na maji ndani. Moshi umeupa harufu na rangi tu. Ukikaa muda wa saa mbili bila joto wala barafu, vijidudu huanza kuzaana. Safari ya Mbarara hadi Kikagati, foleni, kisha Murongo upande wa Tanzania, yaweza kuumaliza muda huo.

Kuna na sheria. Utaratibu rahisi wa biashara wa Afrika Mashariki hurahisisha ushuru kwa bidhaa za ukanda huu zisizozidi dola 2,000, lakini hauondoi kibali cha mifugo. Isingiro imewekewa karantini za ugonjwa wa miguu na midomo mara nyingi. Mzigo wa nyama usio na karatasi huishia mikononi mwa maofisa.

Kwa hiyo oka penye wateja, kiasi cha kuisha siku hiyo. Mpakani peleka mzigo mkavu.