Waliamriwa watengane, wakakataa: somo la Buta kwa watu wa mwambao

RUMONGE – Mfanyabiashara wa Kigoma anayeshusha mzigo Rumonge kwa mara ya kwanza hupata ugeni katika majina kuliko katika mali yenyewe. Mgebuka wake hapa unaitwa mukeke. Dagaa wake wanaitwa ndagala. Mawese ni mawese, na mzani ni mzani. Mwenzao wa Baraka, ng'ambo upande wa Kongo, anauza samaki wa maji yaleyale. Wote watatu wanaelewana kwa Kiswahili, na wote watatu wanajua kwamba biashara ya ziwa hili haiendeshwi kwa karatasi peke yake. Mali hukopeshwa leo, pesa huja siku ya soko lijalo. Kinachoulinda mkopo huo ni imani kwamba mtu wa upande ule hatageuka adui kabla ya kulipa.

Imani hiyo imewahi kupimwa kwa damu katika eneo hili. Waliofanya mtihani mgumu kuliko yote hawakuwa wanasiasa wala wafanyabiashara. Walikuwa wanafunzi wa sekondari.

Kutoka Rumonge, barabara ya Bururi inaliacha ziwa na mashamba ya michikichi na kupanda milimani. Karibu na mji wa Bururi, mahali panapoitwa Buta, ipo seminari ndogo ya Kanisa Katoliki. Seminari ndogo ni shule ya sekondari ya bweni: wavulana wanasoma masomo ya kawaida huku wakipima kama wana wito wa upadri, na wengi wao hatimaye hushika kazi nyingine. Mwaka 1997, Rumonge na Buta zilikuwa katika mkoa mmoja wa Bururi. Leo, baada ya mikoa ya Burundi kupangwa upya, zimo tena pamoja katika mkoa mpya wa Burunga.

Alfajiri ya 30 Aprili

Burundi ilikuwa vitani tangu kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993. Meja Pierre Buyoya alirudi madarakani kwa mapinduzi ya Julai 1996, na nchi jirani, Mwalimu Julius Nyerere akiwa mpatanishi, ziliiwekea Burundi vikwazo vya biashara vilivyodumu hadi Januari 1999. Kwa watu wa ziwani ilikuwa miaka ya magendo, foleni za mafuta na bei zisizoshikika. Kwa watu wa milimani ilikuwa miaka ya kulala na viatu.

Alfajiri ya 30 Aprili 1997, waasi wa Kihutu waliokuwa wakipigana na jeshi la serikali waliivamia seminari ya Buta. Waliingia katika bweni la wanafunzi wa madarasa ya juu na kutoa amri: Wahutu upande huu, Watutsi upande ule. Vijana hawakusogea. Amri ikarudiwa, nao wakabaki pamoja. Waasi wakafyatua risasi na kurusha mabomu ya mkono. Wanafunzi 40 walikufa, Wahutu na Watutsi.

Gombera wa seminari, Padri Zacharie Bukuru, alinusurika. Mwaka 2004 alichapisha kitabu kwa Kifaransa kuhusu vijana hao 40, na katika jina lake aliwaita ndugu katika uhai na katika kifo.

Hapa msomaji asiyeijua Burundi anahitaji kuelezwa jambo moja. Wahutu, Watutsi na Watwa wanazungumza Kirundi kimoja, wanaishi vilima vilevile na kusali makanisa yaleyale. Mgeni mwenye bunduki akiingia bwenini gizani hawezi kusoma kabila usoni kwa uhakika. Anahitaji msaada. Anahitaji mwanafunzi ajitaje, au amnyooshee kidole mwenzake wa kitanda cha pili. Kugawa watu ni kazi ya ushirika kama kazi nyingine yoyote: haikamiliki bila mkono wa wanaogawanywa. Vijana wa Buta waliunyima ushirika huo mkono wao. Muuaji alibaki na bunduki tu.

Kilichojengwa kabla

Ni rahisi kulieleza tukio hili kama muujiza wa asubuhi moja. Wanaofanya biashara ya mkopo watakuwa wa kwanza kutilia shaka maelezo hayo. Uaminifu unaoonekana siku ya shida huwa umewekwa akiba siku za kawaida.

Baada ya Oktoba 1993, mauaji yalipoenea nchini na shule nyingi kugawanyika kwa kabila, Buta ilikuwa na chaguo la kunyamaza. Ingeweza kupiga marufuku neno “Hutu” na neno “Tutsi”, kisha ikaomba Mungu usiku upite. Simulizi ya gombera inaonyesha njia tofauti. Wanafunzi walipewa nafasi ya kulizungumza wazi lililokuwa likiwatafuna: historia ya nchi, vyama, ndugu waliouawa na hofu ya kila mmoja kwa mwenzake. Mijadala hiyo iliambatana na maisha ya pamoja ya kila siku, yaani sala, michezo, nyimbo na ngoma, na mabweni yasiyotenganishwa.

Mambo hayo mawili yalitegemeana. Mazungumzo bila kazi ya pamoja huishia kuwa hotuba. Kazi ya pamoja bila mazungumzo huficha sumu chini ya mkeka. Kijana wa Buta alimjua mwenzake kama mchezaji wa timu yake na jirani wa kitanda chake, na vilevile kama mtu aliyemsikia akieleza kwa mdomo wake jinsi familia yake ilivyoumia. Alipoambiwa amtenge, aliombwa amtenge mtu anayemjua kwa undani.

Shule zilizogawanywa

Ili kupima uzito wa walichokifanya, tazama yaliyotokea katika shule nyingine za nchi hiyohiyo.

Maafa ya 1972 yalianzia hapahapa mwambaoni. Tarehe 29 Aprili 1972, waasi wa Kihutu walishambulia Rumonge na maeneo mengine ya kusini, wakaua Watutsi wengi. Utawala wa Rais Michel Micombero ulijibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima dhidi ya Wahutu, hasa waliosoma. Makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Walimu na wanafunzi wa Kihutu walichukuliwa kutoka sekondari na chuo kikuu na hawakurudi. Mtu alihitaji orodha tu, na orodha ya shule ilikuwepo tayari.

Mwaka 1993 upepo uligeuka. Huko Kibimba, mkoani Gitega, siku ya kuuawa kwa Rais Ndadaye, wanafunzi wa Kitutsi wa shule ya sekondari walikusanywa na kuchomwa moto wakiwa hai katika kituo cha mafuta. Mnara wa kumbukumbu umesimama mahali hapo.

Kwa hiyo, vijana wa Buta walipoamriwa watengane, ilikuwa imepita miaka 25 na siku moja tangu Rumonge ishambuliwe. Walirithi nchi ambamo shule ilikuwa mahali rahisi kuliko pengine pote pa kuchagulia nani aishi na nani afe. Walichofanya kilikwenda kinyume na yote waliyorithi.

Hawakuwa peke yao

Wiki sita kabla ya Buta, tarehe 18 Machi 1997, watu wenye silaha waliingia shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa Rwanda, wakatoa amri ileile: Wahutu huku, Watutsi kule. Wanafunzi walikataa, na baadhi yao waliuawa. Rwanda imewaweka wanafunzi wa Nyange katika orodha ya mashujaa wa taifa.

Wafanyabiashara wanaosafiri kwa basi watakikumbuka kisa cha Kenya. Desemba 2015, wapiganaji wa al-Shabaab walisimamisha basi lililokuwa likienda Mandera na kuwataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa, na wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio ya kujisitiri. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi siku hiyo na kufa mwezi uliofuata hospitalini. Naye alikuwa mtu wa darasani.

Buta na Nyange ziko katika nchi mbili ambazo serikali zao zimekuwa zikitazamana kwa shaka. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake wa ardhi na Rwanda, na waliokuwa wakivusha mboga na maziwa hawahitaji kuelezwa gharama yake. Mipaka hufungwa na kufunguliwa kwa amri ya wakubwa. Lakini shule hizo mbili zilitoa jibu moja katika majira mamoja ya mvua, bila kuulizana.

Benchi moja, shamba moja

Je, haya ni historia tu? Mwambaoni hapa swali hilo lina jibu la kila siku, na jibu ni ardhi.

Waliokimbia mwaka 1972 walivuka kwenda Tanzania na kujenga maisha Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nyuma yao, mashamba yao ya Rumonge na Nyanza-Lac, yenye michikichi inayozaa, yaligawiwa watu wengine. Kuanzia 2008, makumi ya maelfu ya wakimbizi hao walirejea. Walikuta shamba lina mwenyewe mpya, na mara nyingi mwenyewe huyo ameliishi miaka 30 na zaidi, amezalia na kuzikia humo. Tume ya kitaifa ya ardhi iliyoundwa 2006 ilipokea kesi kwa maelfu, na kila uamuzi wake uliacha upande mmoja ukinung'unika.

Watoto wa pande zote mbili huingia shule zilezile. Waliorudi walikuja na Kiswahili cha Tanzania na kukuta Kirundi na Kifaransa vikiwasubiri ubaoni. Waliobaki waliwaona wageni wakija kudai miti ambayo baba yao ndiye aliyeipalilia. Wapo pia watoto wa wavuvi na wafanyabiashara wa Kongo. Mwalimu wa shule ya tarafa hana uwezo wa kuamua kesi ya shamba. Anachoweza kuamua ni nani akae na nani, kazi za vikundi zigawiwe vipi, nani afagie na nani, na kama habari ya shamba itazungumzwa darasani mbele ya mtu mzima au itanong'onwa njiani.

Hapo ndipo Buta inakuwa msaada wa vitendo. Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili kimepata nafasi katika mtaala wa shule. Mtoto aliyezaliwa Mishamo, aliyekuwa wa mwisho kwa Kifaransa, ghafla ana kitu cha kumfundisha jirani yake wa benchi. Kikundi cha masomo kinachomhitaji kila mmoja ni kinga ndogo, lakini ni kinga. Na kwa mfanyabiashara ni faida ya moja kwa moja, maana kijana huyo ndiye karani wake wa kesho bandarini.

Neno ambalo kila mtu analo

Warundi wana neno ikibiri: majirani kukusanyika kulima shamba la mmoja wao leo, na la mwingine kesho. Tanzania kuna msaragambo, Kenya kuna harambee, Rwanda wana umuganda, Kongo wanasema salongo. Baadhi ya maneno haya yalichukuliwa na serikali, na watu wakaanza kuyasikia kama amri. Lakini wazo la asili ni lilelile: anayeshika jembe pamoja nawe si rahisi kumshikia panga.

Mwezi Juni 2019, Kanisa Katoliki nchini Burundi lilifungua rasmi mchakato wa kuwatangaza wenye heri vijana 40 wa Buta. Pamoja nao ni Padri Michel Kayoya, mwandishi aliyeuawa mwaka 1972, na wamisionari watatu wa Kiitalia, mmoja wao mwanamke mlei, waliouawa Septemba 1995 huko Buyengero, vilima vilivyo juu ya ziwa hapahapa Rumonge. Hatua hizo huenda taratibu, nazo ni za Kanisa. Somo la shule halihitaji kusubiri Roma, wala si la Wakatoliki peke yao. Waislamu wa Rumonge wana watoto katika shule hizihizi.

Msomaji wa gazeti hili anaweza kufanya nini? Wazazi wengi wa mwambao ni wachuuzi, wavuvi na wenye boti. Wanajua kupanga mizigo ya watu kumi katika chombo kimoja bila ugomvi. Ujuzi huo haujafika vya kutosha katika kamati za wazazi, ambako mara nyingi mfanyabiashara huonekana siku ya mchango tu. Afike pia siku ya kuuliza: mabweni yamepangwaje? Wanafunzi wanapogombana kwa sababu ya shamba la baba zao, nani huwasikiliza? Na ule uvumi unaotoka sokoni, anaoubeba yeye mwenyewe hadi mezani kwake jioni, mwanawe anaupeleka wapi asubuhi?

Uvumi nao ni amri ya kutengana, ila huja kwa sauti ya chini. Husema: yule si wa kwetu, usimkopeshe, wale wanajiandaa, nawe jiandae. Kama amri ya Buta, hauna nguvu mpaka mtu akubali kuonyesha nani ni nani.

Kila mwaka, tarehe 30 Aprili, watu hupanda Buta kusali mbele ya safu za makaburi 40. Boti za Rumonge hushusha mizigo siku hiyo kama siku nyingine, na mali hukopeshwa hadi soko lijalo.